Chapa ya Chembe Changa
Daktari wa watoto hapa Mpanda hapandishi sauti hata mzazi akifoka. Husugua viganja vipate joto kabla ya kumgusa mtoto, na kalamu huifunika kila anapomaliza mstari. Juzi alitueleza kwa nini mjukuu wangu Malale hupata nimonia kila mwezi. Bibi yake mzaa baba, mfugaji wa Kisukuma, alikuwa ameanza kutulaumu sisi wa upande wa mama: "Ugonjwa huu mmeuleta nyie wasomi."

"Mama," daktari akamwambia, "kifuani kuna tezi inayokuza chembe za kinga. Kila chembe changa huvaa sukari juu yake, kama ng'ombe wako na chapa. Za Malale hazina, haziwezi kukomaa, ndiyo maana tezi yake haikukua na nimonia inamrudia."

"Nani kaifuta chapa?"

"Mtoto huzaliwa hivi baba na mama wote wawili wakiwa wamebeba kasoro hiyo bila kuugua. Nitapima damu za pande zote."

Yule bibi akainuka. Alipotoka nilimsihi daktari aache upande wetu. Marehemu mume wangu aliacha jina safi. Daktari alikunja taratibu mkono wa gauni langu, akatoa damu, akaandika jina langu la ukoo, lile la marehemu, kwenye kichupa, herufi kwa herufi, kisha akanisogezea nisome kama amelipatia.