Jina la Mwisho

Duka ninalonunua vocha hapa Homa Bay linatazamana na lango la hospitali. Juzi mbele yangu alisimama mama mmoja, leso ya kubebea mtoto ameikunja na kuibana kwapani, akimpigia mumewe anayevua samaki kisiwani Remba. Simu ilikuwa kwenye spika.

Mtandao wa kisiwani una wazimu, kwa hiyo wake wa wavuvi huanza kwa kuwataja watoto wote, wa kwanza hadi wa mwisho. Jina lisipofika, baba anajua laini imekula maneno, na habari nzito huahirishwa hadi laini itulie. Fundi wa minara aliwahi kuniambia kwamba hata mitambo hupimana hivyo: kwanza hutumiana kitu ambacho pande zote mbili zinakijua, ili ionekane kilichopotea njiani.

"Haya, taja," mume akasema.

"Otieno. Akinyi. Ouma."

"Adhiambo sijamsikia. Toka nje kidogo, urudie."

Mama hakusogea. Aliivuta leso kifuani. "Otieno. Akinyi. Ouma."

"Wa mwisho bado anakatika, Mama Otieno. Hiyo network ya huko ni bure kabisa!"

Mwenye duka, asiyependa biashara yake itukanwe, akapaza sauti: "Mzee, hapa network iko sawa! Mnara uko juu yetu!"

Kutoka kisiwani tukasikia mawimbi tu yakigonga mashua, wazi kabisa.

Nimeulaani mtandao mbovu katika safu hii miaka nenda miaka rudi. Siku hiyo niliuomba ukatike, ukakataa.