Kofia ya Kuazima Katika Msimu wa Vipigo

Walisema sitamaliza hata kipupwe kimoja. Shangazi Sikujua, dada yake marehemu baba, alilisema hilo mbele ya watu nyumbani kwetu Kihesa, Iringa: “Huyu? Chai tu inamuungulia. Atarudi kabla sanduku langu halijashika vumbi.” Alisema hivyo huku akiniazima sanduku lenyewe. Mwalimu Sanga, aliyenifundisha ufundi, aliniazima koti zito na kuniomba nisilirudishe likiwa bado na mikunjo ya pasi.

Niliondoka kwenda ng'ambo kutafuta stashahada na nikaipata: stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Iko ukutani katika karakana yangu, anayebisha aje aisome. Katika safari ile nilifanikisha kila nilichokipanga isipokuwa kimoja, na hicho kimoja ndicho ninachotaka kuwasimulia.

Alfajiri ya kuondoka walinisindikiza wote hadi stendi, hata waliosema sitafika. Ndivyo tulivyo. Mtu hata kama humwamini, humwachi aende peke yake.

Silver Spring, katika jimbo la Maryland, nilipokelewa na Baba Mdogo Elia, mdogo wake baba. Ni mpole, anaendesha gari la kuwapeleka wazee kliniki. Mkewe alikwishafariki, na Baba Mdogo alikuwa akiishi na binti yake, Neema, katika nyumba ya ghorofa iliyo karibu na duka la Wahabeshi tulikonunua unga na mchicha. Neema alizaliwa huko. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimuuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza.

Mchana nilisoma, jioni nikahudumia wazee majumbani mwao. Sikulala njaa na sikurudia somo hata moja. Shangazi na asome hapo.

Mwaka wangu wa mwisho, majira ya kuchipua yalipofika, Baba Mdogo alitoa kabatini kofia nyekundu iliyopauka ukingo, akanivisha. Ilikuwa ya timu ya besiboli ya jiji.

“Unaivaa kwa mkopo,” akasema. “Utanirudishia siku tutakayoshuhudia ushindi pamoja.”

“Basi nitairudisha wiki ijayo,” nikajigamba.

Alicheka sana. Sikujua kwa nini.

Jumapili baada ya ibada tulishuka na treni hadi uwanjani. Nilijifunza mchezo upesi, maana mimi si mzito. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaungojea na gongo. Akiupiga, anakimbia kuvizunguka vituo vinne, na akirudi alipoanzia ni pointi. Timu hupokezana zamu za kupiga, na mwenyeji ndiye hupiga wa mwisho. Kwa hiyo mwenyeji aliyezidiwa anaweza kuokoka kwa pigo moja la mwisho, mpira ukavuka uzio, mpigaji na wote walio vituoni wakahesabiwa pointi, na mechi ikaishia hapo hapo.

Sisi hatukuokoka. Tulifungwa jua likiwaka, tukafungwa mvua ikinyesha. Siku ambazo timu ilishinda, sisi tulikuwa kazini. Mezani kwa Baba Mdogo habari hizo zilipokewa kama harusi ambayo hukualikwa.

“Labda mkosi ni wangu,” nilimwambia siku moja tukiwa ndani ya treni.

“Mkosi gani? Tangu mama yake Neema aondoke nilikuwa nakaa pale na kiti kitupu pembeni. Mwaka huu nafungwa nikiwa na mtu. Hilo nalo ni jambo.”

Tangu siku hiyo nilitaka ushindi ule kwa ajili yake kuliko nilivyoutaka kwa ajili yangu.

Jumapili ya mwisho ya msimu zilikuwa zimebaki siku chache nipande ndege kurudi nyumbani. Neema alikuja nasi. Baba Mdogo alimkaribisha pia Mama Mwende, muuguzi kutoka Machakos anayeishi Bowie, ambaye alikuwa hajawahi kuuona mchezo huo. Hadi zamu ya mwisho timu yetu ilikuwa nyuma kwa pointi mbili. Wachezaji wetu wawili wakafika vituoni. Uwanja mzima ukasimama.

Mama Mwende naye akasimama, akachukua mkoba wake.

“Sasa mimi wacha niende. Niko na shifti jioni. Kwani hii mchezo huwa inaisha, ama mnalala hapa?”

“Bado kidogo tu, mama,” nikamsihi.

“Aki nyinyi kaeni tu. Njia naijua.”

Kila mgeni husema “kaeni tu”, na sijamwona mtu wa kwetu akakaa. Baba Mdogo alikuwa ameshapokea ule mkoba.

Neema akauliza kwa Kiingereza kwa nini tuende wote, ilhali njia anaijua.

“Anaijua,” alijibu baba yake. “Na tunamsindikiza.”

Neema akabaki kwenye kiti chake. Sisi tukashuka ngazi taratibu kwa mwendo wa mgeni, tukizungumzia bei ya sukuma wiki. Tulipofika kwenye mlango wa stesheni, kelele zikalipuka nyuma yetu, ngurumo ambayo sikuwa nimeisikia msimu mzima.

Mama Mwende akashika mdomo. “Ngai! Ndiyo hiyo?”

“Ndiyo hiyo,” alisema Baba Mdogo, akamkabidhi mkoba wake. “Usalimie nyumbani.”

Tulipomrudia Neema, alikuwa akilia na kucheka. Mpira ulivuka uzio, yeye akaushuhudia akiwa katikati ya viti vyetu vitupu.

Kule uwanja wa ndege nilivua kofia. Baba Mdogo akaikataa. “Hatukushuhudia. Nenda nayo.”

Nyumbani nilimrudishia Mwalimu Sanga koti lililochakaa viwiko, akalipokea kwa heshima zote. Nilimrudishia Shangazi sanduku. Akalikagua pande zote, akasema, “Zipu imelegea,” kisha akaingia chumbani, nikamsikia akipenga kamasi.

Mwaka uliofuata, Baba Mdogo na Neema walikuja Iringa. Siku moja timu ilicheza asubuhi ya huko, ambayo kwetu ni jioni, tukaangalia kwenye simu ya Neema, Shangazi akiwa mgeni wetu. Zamu ya mwisho, timu ikiwa nyuma kwa pointi moja na mtu wetu mmoja akiwa kituoni, Shangazi akajifunga khanga.

“Haya, mimi naenda. Nyie kaeni tu.”

Mimi na Baba Mdogo tukatazamana. Aliyetangulia kusimama alikuwa Neema. Akamshika Shangazi mkono, mkono wa pili ukiwa na simu.

“Twende, Shangazi,” akasema kwa Kiswahili. “Na mechi tunaenda nayo.”

Tulikuwa tumevuka lango langu simu ilipopiga kelele. Tukagonganisha vichwa juu ya kioo. Mpira ulikuwa hewani, ukavuka.

“Kuna nini? Nani kafa?” Shangazi akashtuka.

“Tumeshinda, dada,” alisema Baba Mdogo.

“Nyie nani?”

“Sisi wote.”

Nikavua kofia, nikamvisha Baba Mdogo. Aliishika ukingo kwa mikono miwili. Sanduku lilisharudi na koti lilisharudi. Sidaiwi na mtu.

“Mmemaliza?” akauliza Shangazi. “Baridi hii.”

Tukaendelea kumsindikiza.