Jipu Lililolala Bandani

Mume alipohamia kwa mwanamke mwingine alibeba redio, godoro na viatu. Jipu, gari lao la kubebea mazao, aliliacha, kwa sababu siku ile lilikataa kuwaka. "Nitalifuata," alisema, na likabaki bandani chini ya turubai miaka mitatu.

Lilinunuliwa kwa ng'ombe wa mkewe, aliopewa na baba yake mzazi. Walibeba viazi nalo kwenye njia za tope ambako malori hayakuthubutu kupita. Mke alipokwenda kudai haki yake, mwenyekiti wa mtaa alimwita mume mara kadhaa, wala hakutokea. "Siwezi kuamua jipu ni la nani bila kumsikia na yeye," alisema mwenyekiti. "Mlete." Amlete vipi, amfunge kamba?

Asubuhi moja mume akaja mwenyewe na fundi aitwaye Spana. Hodi hakupiga.

"Habari za hapa?"

"Za hapa unazijua wewe uliyezikimbia."

Spana akainamisha kichwa kwenye injini upesi, kama mtu aliyekosea nyumba.

Panya walikuwa wamejenga ndani ya kichungi cha hewa. Petroli ya zamani ilikuwa imeoza, inanuka kama rangi. Spana alimwaga, akasafisha, akajaza matairi upepo, akagonga breki za nyuma zilizoganda mpaka zikaachia. Mume akazungusha ufunguo. Kimya. Betri ilikuwa maiti.

"Umelifanya nini gari langu?" mume akafoka.

"Ulitaka nilinyonyeshe?"

Spana alikohoa ili asicheke. "Bosi, gari likilala hivi linakufa lenyewe. Tulisukume, hapo nje pana mteremko. Ila likiwaka lisizimwe, halitawaka tena."

Wa kusukuma walikuwa wawili. Nani ashike usukani? Mume hakufikiri hata kidogo. Miaka yote ile ya tope, yeye ndiye aliyesukuma na mkewe ndiye aliyekaa mbele.

"Mama watoto, panda. Gia ya pili. Nikisema achia, achia klachi."

Mama watoto. Tangu aondoke hakuwa amemwita hivyo. Mke alipanda, akashika usukani uliojaa vumbi, na kwa kitambo kidogo moyo ukamdanganya kwamba hakuna kilichoharibika. Kisha akamtazama kwenye kioo cha pembeni. Shati la mume lilikuwa limenyooshwa vizuri sana, kwa mikunjo ya mkono wa mtu mwingine.

Wakasukuma. Jipu likajivuta kama mgonjwa anayetolewa kitandani, likatoka bandani, likashika mteremko.

"Achia!"

Akaachia. Jipu likakohoa, likatema moshi mweusi, likanguruma.

"Safi!" Mume alipiga makofi. "Haya, simama!"

Breki alijua ilipo. Hakuikanyaga.

"Simama, wee! Unakwenda wapi?"

"Nifuate!" alijibu kupitia dirishani, akakata kona, akashika njia ya kilimani.

Mwenyekiti alikuwa barazani kwake ananyoa ndevu, shavu moja tupu, jingine povu. Jipu likasimama mbele ya ngazi zake, linatetemeka.

"Kulikoni, mama?"

"Ulisema nimlete. Anakuja, kwa miguu."

Mwenyekiti akatazama barabara, akajifuta povu kwa taulo, akaingia ndani kuchukua kiti cha pili.

Mke hakuzima injini. Alibaki kitini, mguu juu ya mafuta, akikanyaga polepole kila sauti ilipotaka kufifia. Hakujua kitaamuliwa nini. Huenda wangeambiwa wagawane. Huenda angerudi nyumbani kwa miguu. Kwenye kioo alimwona mume akipanda kilima mbio, shati limechomoka, anakuwa mkubwa kidogo kidogo. Chochote kitakachosemwa, leo mume atakisikia kwa masikio yake, na mke atamtazama akisikia.