Gari-Nyumba la Kitinda

Simu ilipoita, Bi Upepo alikuwa amelala chali chini ya basi la shule, mikono imejaa grisi. Aliipokea kwa kiwiko. Aliyepiga alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, ambaye kwa kawaida hampigii ila kuna jambo. Wifi alianza kwa salamu ndefu, akauliza habari za kazi, akauliza kama huko mvua imenyesha, mpaka Bi Upepo akamwambia aache kuzunguka aseme kilichomleta. Ndipo akasema kwamba Mama ameanguka kitandani. Hajavunjika, kifundo cha mkono tu kimevimba. Wala si yeye aliyejigeuza vibaya, kitanda ndicho kilichoinama.

"Kitanda kinainamaje?" Bi Upepo aliuliza.

"Gari limelala upande, wifi."

Bi Upepo alitoka chini ya basi, akakusanya vifaa vyake, akavitupa nyuma ya pikapu yake kuukuu kwa kishindo hata mafundi wenzake wakasogea pembeni. Wanamjua. Akiwa na hasira ya kusema, unaweza kumjibu. Akiwa na hasira ya kunyamaza, unampisha.

Na hasira hiyo haikuanza na simu ile. Tangu baba yao alipofariki, Mama alikuwa akiishi kwake. Yeye ndiye aliyempeleka kliniki, aliyempimia vidonge, aliyeondoa zulia sebuleni asije akajikwaa, aliyefunga vyuma bafuni vya kujishikilia. Kitinda, mdogo wake, ambaye familia nzima ilimwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, alikuwa akija sikukuu hadi sikukuu, anachekesha watu, anakula, anaondoka. Halafu juzi, bila taarifa, akaja na basi refu lililogeuzwa nyumba, lenye vitanda na jiko na choo, akatangaza kwamba anampeleka Mama kuzunguka. Bi Upepo alikataa katakata. Wakabishana mpaka majirani wakazima redio. Asubuhi yake, yeye akiwa kazini, Mama alifungasha begi lake mwenyewe, akamwachia jirani ujumbe kwamba ameenda kutembea na asisubiriwe chakula.

Hilo la chakula ndilo lililomkaa kooni. Njia nzima alikuwa akilirudia.

Aliwakuta kwenye uwanja mtupu nyuma ya kituo cha mafuta, mwendo wa kutosha nje ya mji. Gari-nyumba lilikuwa jeupe lenye mistari ya bluu, na kweli lilikuwa limelala. Pembe ya nyuma kulia ilikuwa imekaa karibu kugusa gurudumu, ile ya mbele kushoto imeinuka juu, utadhani ng'ombe anayetaka kulala na bado hajakata shauri. Mama alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha kukunja, mkono umefungwa kanga, anakunywa chai.

Bi Upepo alipiga magoti mbele yake, akafungua kanga, akakibonyeza kifundo kidogo kidogo na kumwambia azungushe vidole. Vilizunguka. Akakifunga upya, kwa kukaza kuliko mwanzo.

"Unaniumiza," Mama alisema.

"Pole."

Lilikuwa neno pekee la upole alilolisema siku hiyo.

Kitinda alikuja anafuta mikono kwa kitambaa kisafi mno kuwa cha fundi. Alianza kueleza kabla hajaulizwa. Lile gari halikai kwa springi za chuma, linakaa kwa mipira mikubwa iliyojazwa upepo, mmoja kila pembe, na ukiegesha mahali penye mteremko unabonyeza vitufe kwenye dashibodi, upepo unaingia huku unatoka kule, mpaka nyumba ikae sawa. Alimweleza dada yake haya, dada ambaye tangu ujana wake kwenye karakana ya kampuni ya mabasi hakufanya kazi nyingine ila ya upepo: breki za upepo, milango ya upepo, mipira ya upepo. Jina lenyewe alilipatia huko. Mafundi wengi hawakuipenda kazi hiyo, kwa kuwa ugonjwa wa upepo hauonekani kwa macho, unasikika, nao hawakuwa na subira ya kusikiliza. Yeye alikuwa nayo, kwa vyuma. Kwa watu ilimwishia mapema, na mume aliyewahi kuwa naye angeapa hivyo mbele ya yeyote.

Alimwacha Kitinda amalize. Kisha akamuuliza amekwishafanya nini.

Kitinda akataja. Mpira wa pembe ile ulibadilishwa, gari likalala. Ukabadilishwa tena, maana fundi alisema ule mpya ulikuwa mbovu, gari likalala. Ikafungwa kompresa mpya ya kusukuma upepo. Gari likalala vilevile, ila sasa lilichelewa kidogo.

"Na mlipokuja kumchukua Mama, mbona lilikuwa limesimama sawa?"

Hapo Kitinda alijitia kutazama kitu barabarani. Wifi ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, kwamba walichomeka gogo. Gogo la mti, kati ya chasisi na ekseli, ili gari lisishuke. Walipoegesha hapa kupumzika baada ya chakula cha mchana, gogo liliteleza, pembe ikashuka ghafla, na Mama akabingirika kutoka kitandani hadi sakafuni.

Bi Upepo hakupiga kelele. Alimsogelea mdogo wake mpaka kitambaa kile kisafi kikawa kinamgusa kifuani.

"Umempandisha mama yangu kwenye gari lililoshikiliwa na kuni."

"Ni mama yangu pia, Dada."

"Basi ungemkumbuka ulipokuwa unachanja."

Akamgeuzia mgongo, akaanza kazi, kwa kuwa mikono ingekosa kazi ingepata shavu la mtu.

Alimwambia wifi awashe injini upepo ujae, kisha azime. Akachanganya sabuni na maji kwenye chupa ya kupulizia, akapuliza kwenye mpira, kwenye maungio, kwenye bomba lote kutoka nyuma hadi mbele. Pangekuwa na tundu, povu lingechemka. Halikuchemka popote. Ikamtia hasira zaidi, si kwa gari, bali kwa wale waliobadilisha mipira mizima bila kununua hata kipande cha sabuni. Mpira haukuwa na kosa. Upepo ulikuwa unatoka, lakini ulikuwa unatoka kwa njia yake halali, mlango ulioachwa wazi.

Alikwenda kwenye matangi ya upepo, akavuta uzi wa kutolea maji chini ya tangi la kwanza. Badala ya upepo ulitoka uji. Uji wa kahawia, wa maji na kutu na mafuta ya injini, ulimwagika na kumwagika mpaka ukafanya kidimbwi. Kila fundi wa upepo anajua kwamba hewa ikibanwa inatoa maji, na maji hayo hutolewa mara kwa mara, yasipotolewa husafiri. Alimuuliza Kitinda ni lini alivuta uzi huo mara ya mwisho. Kitinda akauliza ni uzi gani.

Sasa alijua. Uchafu ule ulikuwa umefika kwenye vali ndogo zinazoendeshwa na vitufe, zile zinazofungua na kufunga njia ya kila pembe, na moja ilikuwa imeshindwa kufunga vizuri. Bado alitaka kuisikia kwa sikio lake. Aliinua pembe ya kulia kwa jeki, akasimamisha stendi za chuma chini ya chasisi upande ule atakaolala yeye, akawaambia wote wawili, polepole na kwa kuwatazama machoni, kwamba mtu asiingie chini ya gari hili. Wifi alipanda kwenye usukani kungoja maagizo. Bi Upepo akajilaza, sikio karibu na vali, akaita kwamba abonyeze kitufe cha kushusha nyuma, pande zote mbili, kisha aachie.

Alikuwa amekwisha kuita alipotupa jicho upande wa pili, akaona viatu.

Kitinda alikuwa ameingia chini ya pembe ya kushoto, isiyo na stendi, kwa tumbo, mkono umenyooshwa kulifikia gogo lake lililoviringika huko. Alisema baadaye alitaka tu kuliondoa lisimtie dada yake hasira zaidi.

Bi Upepo hakukumbuka alivyotoka wala alivyozunguka. Anakumbuka vifundo vya miguu ya mdogo wake mikononi mwake, na alivyomvuta kama mtu anayevuta gunia, changarawe zikimchana tumbo, huku upepo ukifoka na upande ule wote ukishuka kwa pumzi moja. Chasisi ilikaa pale kichwa chake kilipokuwa. Gogo lilibanwa likapasuka kwa mlio mkavu.

Wifi alichungulia dirishani kuuliza kama ameachia kitufe kwa wakati.

Kitinda alikuwa ameketi chini, shati limechanika, uso umepauka. Bi Upepo alisimama juu yake na hapo ndipo kelele zilipotoka, zote, za siku hiyo na za miaka ya nyuma. Alimwambia kwamba kwenye karakana ya mabasi aliwahi kumwona mwenzake akitolewa chini ya gari kwa kreni, na kwamba yeye ndiye aliyetumwa kwenda kumwambia mke wa marehemu. Alimuuliza, leo angemwambia nani? Angemwambia Mama, pale pale kwenye kiti chake cha kukunja, na chai mkononi. Alimwita mzigo, mdekaji, mtu wa kuonja maisha ya wenzake na kuacha vyombo. Alimwambia kwamba alipomuuguza baba peke yake, hakuhitaji mtu wa kumchekesha.

 Kitinda alilia, kamasi zikimtoka, wala hakukitafuta kile kitambaa.

"Imetosha," Mama alisema.

Alikuwa amesimama, ameegemea mgongo wa kiti. Bi Upepo alimgeukia akasema kwamba haitoshi, na kwamba akimaliza hapa watapanda pikapu warudi nyumbani wote wawili.

"Mimi sirudi," Mama alisema. "Litengeneze gari, mwanangu. Nataka kufika kwa mdogo wangu nimwone kabla mmoja wetu hajaondoka."

"Umeanguka leo, Mama."

"Nimeanguka. Na pale kwako sijaanguka hata mara moja, kwa kuwa siendi popote. Umenitunza kama yai. Nakushukuru. Lakini nimechoka kuwa yai."

 Hakuna tusi la Kitinda, hakuna ujinga wa fundi yeyote, uliowahi kumkasirisha kama shukrani ile. Bi Upepo alirudi kwenye vifaa vyake. Aliongeza stendi upande wa kushoto, akatoa upepo wote, akalifungua lile kasha la vali, na kweli, kwenye njia ya nyuma kulia palikuwa na ganda la kutu na mafuta limekaa juu ya mpira mdogo wa kuzibia, jembamba kama ukucha. Alilisafisha. Akasafisha na njia nyingine zote bila kuombwa, akabadilisha mipira ya kuzibia kwa ile aliyokuwa nayo kwenye boksi, akayatoa maji matangi mpaka kilichotoka kikawa hewa kavu. Injini ilipowashwa, gari liliinuka pembe kwa pembe, likasimama sawa. Alipanda ndani, akaweka glasi ya maji kwenye meza ya jikoni, akaitazama mpaka jua likaanza kuingia kwa dirisha la upande. Maji hayakuegemea popote.

Kabla hajaondoka alimshika Kitinda mkono, akamlazimisha kuvuta uzi wa kila tangi kwa mkono wake mwenyewe, na kurudia kwa mdomo wake kwamba atafanya hivyo kila asubuhi. Kitinda alirudia. Wifi naye akarudia, ingawa hakuambiwa. Mama alimbusu binti yake kwenye paji la uso lenye grisi, akapanda ngazi bila kushikwa.

Siku zilizofuata Bi Upepo alikuwa havumiliki. Alimfokea mwenye basi la shule, akagombana na muuza vipuri, akafua mapazia ya chumba cha Mama ambayo hayakuwa machafu. Jioni alijikuta amepika chakula cha watu wawili, akala chote kwa hasira. Kitinda alimpigia kila asubuhi kumwambia kwamba ameyatoa maji matangi, naye akajibu "haya" na kukata. Asubuhi moja simu ilichelewa. Alipiga yeye, akiwa amekwisha kuvaa viatu na funguo za pikapu ziko mkononi.

Aliyepokea ni Mama. Alisema wamekwisha kufika, Kitinda yuko na mama yake mdogo, anamwonyesha vitufe, na kwamba nyuzi za matangi amezivuta yeye Mama mwenyewe leo, ni rahisi tu, kumbe.

Bi Upepo alimuuliza ni nani aliyemruhusu kuinama namna hiyo kwa mgongo ule. Mama alicheka. Bi Upepo akaendelea kumfokea kwa muda mrefu, akiwa amesimama mlangoni na viatu vyake, na Mama akawa anamsikiliza.