Walitufundisha siasa, vita ikatukuta peke yetu

Admin, fichia jina langu, hapa kambini ya wakimbizi watu wananijua. Niko mama wa miaka arobaini na tatu, mujane. Nilizaliwa Masisi, karibu na Burungu, kwetu tunalima maharagi na viazi.

Wakati walisema inchi inaingia mu demokrasia, wazungu wa shirika moja walikuja Sake kufundisha parti za siasa. Bwana yangu alikuwa prezida wa parti yetu mu kijiji, tukaenda wote wawili. Walituweka mu chumba kimoja na watu wa parti zingine, hata wale tulikuwa tunaogopana juu ya kabila. Walitufunza kusikiliza watu, kuandika programu, kushindwa bila kupigana. Bwana yangu alirudia nyumbani na furaha sijawahi kumuona nayo. "Mama watoto, sasa watu watashindana na maneno, hapana na bunduki."

Alitundika bendera ya parti juu ya nyumba. Akatembea vijiji vyote, mpaka kwa wafugaji wenye hatukukuwa tunasalimiana nao. Walimupokea, wakamupatia maziwa.

Kisha vita ikarudia. Wazungu walipanda magari yao, wakasema kazi imesimama juu ya kukosa usalama. Siwalaumu, kila muntu anaogopa kufa. Lakini sisi hatukukuwa na gari.

Siku ya soko, wenye bunduki walimukamata bwana yangu mbele yangu. Mukubwa wao akamuuliza: "Wewe njo unafundisha watu kuchagua?"

Akajibu: "Ndiyo, kaka. Hata wewe uko na haki ya kuchagua."

Walicheka. Wakamupeleka upande wa Walikale. Mpaka leo sijaona hata maiti yake.

Nilipigia simu mukubwa wa parti kule Kinshasa. "Pole mama, tutaangalia." Kisha namba yake haikupita tena. Leo yeye yuko mu serikali, anakaa meza moja na wale wenye walikuwa wanatuma hao watu wa bunduki.

Sasa shirika lingine limekuja Goma, linatafuta mabinti wa kufundisha siasa. Parti ile ile imeandikisha binti yangu wa kwanza. Nimemukatalia. Akaniambia: "Mama, wenye walimuchukua papa wanataka njo hivyo, tunyamaze." Nikalia tu.

Mimi siamini tena kitu. Nyumba yetu wanakaa watu wengine, kesi hakuna, kaburi hakuna. Akienda, nitakuwa nangoja muntu wa pili kwa barabara. Akibaki, atazeekea chini ya hii bashi, turubai ya kambi, kama mimi.

Wazazi wenzangu, nyinyi mungemuachilia ao mungemufunga? Niambieni mbio, maana ameisha kufua nguo zake za safari, na jua iko kali, zitakauka sasa hivi.