Chandarua Mdomoni mwa Injini

Nichekeni tu, kwani aibu hii nilijishonea mwenyewe. Katika miaka hiyo ya tisini nilikuwa mwalimu wa injini za ndege katika chuo kimoja cha ufundi hapa Mombasa, nikiutaka ukuu wa idara kwa udi na uvumba. Wazazi walipoalikwa kuja kuiona injini yetu ya mafunzo ikiwashwa, nilimpelekea fundi cherehani wa Makadara kipande cha chandarua, akanishonea kifuniko cha mdomo wa injini ili majani yasiingie. Nikakiona kimependeza kweli.

Siku ilipofika nikahutubu kwa mbwembwe. "Hewa ikipoteza shinikizo pale inapoingilia, injini hukosa nguvu, na mafuta huteketea bure!" Wageni wakapiga makofi.

Tukaiwasha. Ikakohoa, ikapata moto kupita kiasi, na mshale wa kupima msukumo ukagoma kupanda. Nikayalaumu mafuta. Nikawafokea wanafunzi kwamba hawakuiandaa. Mkuu wa chuo aliponiuliza tatizo ni nini, nikamjibu kwamba hilo ni jambo la kitaalamu, hatalielewa.

Ndipo Bi Mwanaisha, mamake mwanafunzi mmoja, akainua mkono. "Samahani, mwalimu. Si mumetwambia injini yataka hewa? Mbona basi mumeiziba mdomo?"

Wanafunzi niliowafokea ndio waliotangulia kucheka. Mkuu wa chuo akaamuru injini izimwe, akakivua kile chandarua kwa mkono wake, akakikunja vizuri na kunikabidhi.

"Chukua, mwalimu," akasema. "Nenda nyumbani ukakilalie."