Emilia na Kituruki cha Jikoni

Enzi za Mwingereza, kabla ya vita vya Hitla, Mahongole palikuwa na mwanamke aitwaye Emilia, mwenye wivu wa kunusa jina la mwanamke mwingine kwenye kofia ya mumewe. Mume ni Lameki. Miaka sita alipika kwenye shamba la mkonge huko Tanga, nyumbani kwa mama mmoja Mgiriki aliyezaliwa Uturuki na kufoka kwa Kituruki. Yaya wa nyumba ile alikuwa Vestina, mjane wa Njombe. Wote wawili walirudi na lugha hiyo. Wakikutana gulioni walipiga soga humo humo, wakacheka, Emilia kasimama kando na kapu la viazi kama gogo.

Siku moja habari ikafika: yule mama Mgiriki, sasa naye mjane, kafungua hoteli ya madereva wa malori Makambako. Anawataka watu wake wawili wa zamani, tena walale huko huko. Waende Jumatatu.

"Nifundishe," Emilia akamwambia mumewe.

"Kituruki si mboga, mama Danieli."

"Nitakitafuna kikavu."

Lameki akaanza na vya nyumbani. Su ni maji. Su var, maji yapo. Su yok, maji hakuna. Kitendo kinangoja mwisho: su getir, maji lete. Ev ni nyumba. Ukiitaka yako, bandika m mkiani: evim, nyumba yangu. Ukimwachia mwenzio, bandika n: evin, nyumba yako.

Emilia akaipenda ile m. Kufikia Jumapili jembe, mbuzi, hata moshi wa jikoni alikwisha kuvibandika m.

"Na mume?"

"Koja."

"Kojam!" akasema papo hapo.

Jumatatu akawafuata mpaka Makambako. Mama Mgiriki akauliza jambo, Vestina akajibu, akacheka, akamshika Lameki mkono wa shati. Weee! Emilia akaruka katikati.

"Kojam!" Mume wangu! "Kojan yok!" Wewe mume huna! Matusi yakamwishia, akamalizia kwa alichokuwa nacho: "Su getir!"

Mama Mgiriki alicheka mpaka masufuria yakadondoka ukutani, na dereva aliyekuwa akipita akafika Iringa bado anayasikia.

"Hawa wawili kwangu ni ndiyo mama, ndiyo mama," akasema kwa Kiswahili chake. "Tangu mzee wangu afe sijapata wa kugombana naye. Namchukua huyu. Ninyi nendeni zenu."

Akamfunga Emilia aproni mwenyewe. Emilia akavimba kichwa, akashika mwiko, akachungulia dirishani ili Vestina amwone vizuri.

Vestina hakuwa akimtazama. Alikuwa keshashika njia ya Mahongole, bega kwa bega na Lameki, wawili peke yao, na safari ni ndefu.

Wanasema aproni ile ilipepea barabarani nyuma yao kama bendera ya gavana, na mwiko juu.